KUKAKAMAA KWA MISHIPA YA DAMU: KIPIMO KIPI KINASEMA KWELI?



Ndugu msomaji, msimu wa korosho uliopita alikuja kwangu mzee mmoja kutoka kijiji cha upande wa Ruangwa. Ni mwalimu wa madrasa, umri wake umepita miaka 70, na vijana wengi wa kijiji kile wamesomea juzuu kwake. Katika mfuko wa kanzu alikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza ni kadi ya matibabu iliyoandikwa presha 178/74, na pembeni mtu ameongeza kwa kalamu: "ya chini nzuri". Ya pili ni karatasi ndefu ya rangi aliyoipata siku ya mnada kwa watu waliokuja na kompyuta ndogo. Walimshikisha fimbo ya chuma kiganjani kwa muda wa dakika moja hivi, kisha wakamtolea orodha ya viungo vyake vyote, kuanzia ini na figo mpaka macho na mifupa. Kwenye mstari wa mishipa ya damu paliandikwa kwamba mvutiko wake ni wa kawaida. Maalim akalipa pesa ya kipimo, akanunua na chupa mbili za virutubisho.

Akaniuliza, "Daktari mwanangu, karatasi zote mbili zinasema niko salama. Mbona nikiinuka kutoka kwenye sijida dunia inazunguka?"

Nikamwambia, "Maalim, tuanze upya." Alikaa kitini dakika tano, mgongo umeegemea, mkono juu ya meza: 176/72. Nikamsimamisha, na baada ya dakika moja nikapima tena: 148/66. Akashika ukingo wa meza.

Ile kadi ya kwanza ilipimwa sawasawa, ila imesomwa vibaya. Karatasi ya pili haikupima kitu chochote. Nami sina haki ya kumcheka aliyeandika "ya chini nzuri", kwa sababu nilipotoka chuoni nilikuwa nikiwaambia wazee maneno hayo hayo. Nilifundishwa kuiogopa namba ya chini ikipanda. Hakuna aliyenikalisha chini akanieleza kwamba kwa mzee, namba ya chini iliyoshuka huku ya juu imepaa ndiyo sauti ya mshipa uliokakamaa.

Mshipa mpya na mshipa wa zamani

Kila mtu wa Nachingwea anaujua mpira wa ndani wa baiskeli, ule tunaoukata vipande kufungia magunia ya korosho na ufuta. Ukiwa mpya unauvuta, unanyumbuka, ukiuachia unarudi. Uache juani miaka miwili: unakuwa mgumu, una nyufa, na ukiuvuta haunyumbuki tena. Mshipa mkuu unaotoka moyoni, unaoitwa aota, umejengwa kwa nyuzi zenye tabia kama ile ya mpira mpya. Moyo hupiga kiasi cha mara laki moja kwa siku, na kila pigo huutanua mshipa huo kidogo. Miaka inavyokwenda nyuzi za kunyumbuka hukatika, na nyuzi ngumu huchukua nafasi yake. Presha ya muda mrefu, kisukari, ugonjwa wa figo, sigara na chumvi nyingi huiharakisha kazi hiyo.

Aota laini hufanya jambo moja la ajabu. Moyo ukisukuma damu, aota hutanuka na kuiweka akiba sehemu ya damu hiyo. Moyo ukipumzika, aota hujirudisha na kuisukuma ile akiba iende mbele, hivyo damu haikomi kutembea. Ikikakamaa haiweki akiba tena. Moyo ukisukuma, presha inaruka juu kwa ghafla kwa sababu hakuna pa kutanukia. Moyo ukipumzika, presha inaanguka kwa sababu hakuna kilichowekwa. Namba ya juu inapanda na namba ya chini inashuka kwa ugonjwa ule ule mmoja.

Utafiti maarufu wa mji wa Framingham, Marekani, ulioanza mwaka 1948, uliwafuatilia watu miaka mingi ukaonyesha hivyo hivyo: namba ya juu huendelea kupanda na umri, lakini ya chini hupanda mpaka miaka ya hamsini hivi, kisha huanza kushuka. Kwa hiyo mzee wa miaka 72 mwenye namba ya chini ya 72 hajarudishiwa ujana.

Msomaji asichanganye jambo hili na mafuta yanayoganda ndani ya mishipa na kuiziba. Mara nyingi yanakwenda pamoja, lakini mshipa unaweza kuwa wazi kabisa ndani na ukuta wake umekauka.

Kidole cha tabibu

Kupima ugumu wa mshipa bila kuchoma mwili si jambo la jana. Ibn Sina, aliyezaliwa mwaka 980 na kufariki mwaka 1037, katika kitabu chake cha Qanun aliyapanga mambo kumi ambayo tabibu ayatazame anaposhika mapigo ya mgonjwa, na mojawapo ni mshipa wenyewe: je, ni mgumu, ni laini, au uko katikati? Sisi matabibu wa leo tunashika mapigo kwa kuhesabu tu, tena wengine tumekiachia kifaa cha kubana kidoleni kituhesabie.

Baada yake niruhusu nimtaje daktari mmoja wa London, Frederick Akbar Mahomed. Babu yake mzaa baba alitoka katika familia ya Kiislamu ya Patna, India, ingawa alibatizwa alipofika Ireland. Mjukuu huyu alisoma udaktari katika hospitali ya Guy's, na akiwa bado mwanafunzi, mwanzoni mwa miaka ya 1870, alikitengeneza upya chombo cha Mfaransa Marey kilichofungwa kwenye kiwiko cha mkono na kuchora mapigo kwa sindano juu ya karatasi iliyopakwa masizi. Kwa michoro ile alionyesha kwamba mapigo ya mwenye presha na ya mzee yana umbo lake, na kwamba presha inaweza kumpata mtu ambaye figo zake hazijaharibika. Mkanda wa presha tunaoujua ulikuwa haujabuniwa. Aliuleta Muitalia Riva-Rocci mwaka 1896. Mahomed alifariki mwaka 1884, ana miaka 35.

Kidole, hata hivyo, kina upungufu wake. Ipo mbinu ya kujaza mkanda mpaka damu ikatike, kisha kupapasa kama mshipa wa kiwiko bado unasikika kama kamba. Nimeijaribu mara nyingi. Tabibu wawili hupapasa mkono mmoja wakatoka na majibu mawili, na uchunguzi wa wengine umeonyesha hivyo pia. Itakupa shaka, haitakupa namba.

Pengo kati ya namba mbili

Kipimo cha pili tunacho katika kila zahanati, na hakina gharama ya ziada. Toa namba ya chini kutoka ya juu. Mwenye 120/80 pengo lake ni 40, na hiyo ndiyo hali ya kawaida. Maalim wetu, kwenye ile kadi, alikuwa na 178 kutoa 74, yaani 104. Mwongozo wa madaktari wa Ulaya wa mwaka 2013 ulihesabu pengo la 60 au zaidi kwa mtu mzee kuwa dalili kwamba mishipa imeshaanza kuharibika.

Pengo hili lina udanganyifu wake na lazima tuuseme. Linaweza kupanuka bila mshipa kukakamaa: kwa mwenye upungufu mkubwa wa damu, mwenye homa, mjamzito, mwenye tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, au mwenye mlango wa moyo unaovujisha damu kurudi nyuma. Kule kwetu malaria na upungufu wa damu si wageni, hivyo tabibu asikimbilie neno mishipa kabla hajatazama weupe wa kope. Na kinyume chake kipo: moyo uliochoka hausukumi kwa nguvu, pengo likawa dogo, na mshipa uko pale pale umekauka. Kwa kijana, mkono huonyesha namba ya juu kubwa kuliko iliyopo kwenye aota yenyewe. Kwa hiyo pengo linafaa zaidi kwa aliyepita miaka 50, asiye na homa wala upungufu wa damu, na akapimwa kwa utulivu.

Shingo na kinena

Sasa tuingie kwenye vipimo vya hospitali kubwa na vyuo vya utafiti. Katika vituo nilivyofanyia kazi sijawahi kuvikuta, lakini jamaa zetu wanaotibiwa mijini au nje ya nchi wanarudi na majibu yake, wanatuuliza maana yake.

Kinachopimwa ni mwendo wa wimbi la mapigo. Fikiria watu wamesimama kwenye foleni. Wa mwisho akisukumwa, msukumo unafika mbele ingawa yeye mwenyewe hajatoka mahali pake. Wakiwa wamesimama kwa nafasi, msukumo unachelewa. Wakiwa wamebanana, unafika mara moja. Damu ni watu, wimbi ni msukumo. Kwenye mshipa laini wimbi husafiri mita 5 au 6 kwa sekunde, mwendo wa baiskeli inayokazaniwa. Kwenye mshipa uliokakamaa linapita mita 10 kwa sekunde, sawa na kilomita 36 kwa saa, na hapo tumeshapanda bodaboda.

Kipimo kinachohesabiwa kuwa mizani ya vingine vyote hunasa mapigo sehemu mbili, shingoni na kwenye kinena, na kutazama limechelewa kiasi gani kutoka moyoni kufika kila mahali. Mashine ya Complior ya Ufaransa hunasa sehemu zote mbili kwa wakati mmoja. SphygmoCor ya Australia, ile ya awali, hunasa moja baada ya nyingine ikilinganisha na umeme wa moyo. Kisha umbali hupimwa kwa futi ya fundi cherehani, na tangu makubaliano ya wataalamu ya mwaka 2012 huchukuliwa asilimia 80 ya umbali huo. Tuseme toka shingoni hadi kinenani ni sentimita 60. Asilimia 80 yake ni 48. Wimbi likitumia sehemu 6 za sekunde iliyogawanywa mara 100, mwendo ni mita 8 kwa sekunde, hakuna neno. Likitumia sehemu 4, mwendo ni mita 12. Mpaka uliowekwa ni 10.

Namba hii ina uzito. Mwaka 2010 watafiti walijumlisha tafiti 17 zenye watu karibu 16,000, wakakuta kwamba kila mita moja inayoongezeka inakwenda na ongezeko la asilimia 14 la hatari ya maradhi ya moyo na mishipa, hata baada ya kuhesabu umri na mambo mengine.

Ugumu wa kipimo hiki uko kwenye mikono ya mpimaji. Kitambi huirefusha futi, umbali ukaonekana mkubwa kuliko ulivyo. Mapigo yasiyo na mpangilio huvuruga hesabu. Na presha ya wakati ule, ikiwa juu kwa hofu au kwa kupanda ngazi, huongeza kasi ya wimbi, hivyo lazima presha ipimwe na kuandikwa pamoja nayo.

Kwetu Waislamu lipo na suala la sitara. Kinena kiko ndani ya awra, ambayo kwa mwanamume katika madhehebu ya Shafii ni kati ya kitovu na magoti, na kwa mwanamke hata shingo anaistiri mbele ya asiye maharimu wake. Nimewahi kuulizwa na mama mmoja ambaye bintiye alikataa kipimo hiki mjini akarudi bila majibu. Fiqhi haikutufungia mlango: haja ya tiba inaruhusu, kwa kadiri ya haja, na ruhusa huishia pale haja inapoishia. Omba mpimaji wa jinsia yako; omba pazia; omba nguo isogezwe pale tu kidude kinapogusa. Zipo pia mashine za karibuni zinazofunga mkanda pajani badala ya kugusa kinena, na mgonjwa ana haki ya kuulizia kama ipo. Kurudi nyumbani bila kupimwa kwa sababu hukuthubutu kuuliza, hilo ndilo ninalolilaumu.

Mikanda minne, na mkanda mmoja

Wajapani walipita njia nyingine. Wao hufunga mikanda kwenye mikono miwili na vifundo vya miguu miwili, mgonjwa amelala na nguo zake, na baada ya dakika chache mashine inatoa mwendo wa wimbi toka mkononi hadi mguuni. Sitara imehifadhiwa na mpimaji hahitaji ustadi mkubwa. Lakini wimbi hilo limepita pia kwenye mishipa ya miguu, ambayo kwa maumbile ni migumu zaidi, kwa hiyo namba hutoka kubwa. Mpaka wao wa hatari ni mita 18 kwa sekunde. Mtu akichukua 14 ya Kijapani akaisoma kwa mizani ya 10 atajitia hofu bure. Na kwa mwenye kisukari au mvutaji ambaye mishipa ya miguu imeziba, wimbi linachelewa njiani, mashine ikamwonyesha ana mishipa laini kumbe ndiye mgonjwa kuliko wote. Ndiyo maana mashine hizo hulinganisha pia presha ya mguu na ya mkono: mguu ukiwa chini ya sehemu 9 katika 10 za mkono, usiuamini mwendo wa wimbi.

Wajapani hao hao wametengeneza hesabu nyingine inayojaribu kuiondoa athari ya presha ya wakati ule. Hutoa namba isiyo na kipimo cha mita, na 9 au zaidi huhesabiwa kuwa mshipa mgumu.

Halafu zipo mashine za mkanda mmoja wa mkononi, kama Mobil-O-Graph ya Ujerumani na Arteriograph ya Hungaria. Hizi ni rahisi kwa mgonjwa, na baadhi zinaweza kuvaliwa saa 24. Baadhi yake hulisoma umbo la wimbi pale mkononi, kisha hukadiria mwendo wa kwenye aota kwa kuchanganya umbo hilo na umri na namba ya juu ya presha. Hapo ndipo nina shaka yangu. Ikiwa umri na presha vimeingizwa ndani ya hesabu, basi kwa sehemu kubwa mashine inakurudishia ulichoiambia. Mzee atatoka na namba ya kizee na kijana namba ya kijana, na kijana ambaye mishipa yake imeharibika mapema kwa kisukari au figo anaweza kupita bila kuonekana. Hata hivyo mashine hizi zinanasa wimbi la kweli kutoka mwilini. Tofauti hiyo ishike, tutaihitaji hivi punde.

Ultrasaundi na MRI huiona aota ikitanuka kwa macho. Ni nzuri, ni ghali, na haziagizwi kwa kazi hii peke yake.

Fimbo ya mnadani

Turudi kwenye karatasi ya rangi ya Maalim. Watu hawa huja pesa ya korosho ikishaingia mikononi, na mara nyingine hukaribishwa hadi uani kwa msikiti baada ya swala ya Ijumaa, kwa nia njema kabisa ya kamati. Fimbo ya kushika kiganjani hainasi pigo lolote. Haina mkanda, haina saa ya kulinganisha sehemu mbili, haina taa wala sindano. Inachokipata ni majibu ya maswali aliyokuuliza kijana kabla ya kuanza: jina, jinsia, umri, urefu na uzito.

Nilikwenda mwenyewe siku moja kuitazama. Kijana alikuwa muungwana, akanikubalia jaribio. Tukaizungushia fimbo kitambaa kilicholowa maji, tukaiweka juu ya meza bila mtu kuishika. Karatasi ikatoka. Kitambaa kilikuwa na ini zuri, figo zenye uchovu kidogo, na mishipa yenye mvutiko wa wastani. Tulicheka wote wawili, lakini mimi nilicheka kidogo, kwa sababu nilikuwa nimeshawaona watu walioacha dawa za presha kwa karatasi ile.

Kwa wanakamati wa misikiti ninaomba jambo dogo: anapokuja mtu na kipimo, mwulizeni kinanasa nini kutoka mwilini, na amesajiliwa na nani. Akiwa na jibu, sisi matabibu tutakaa naye. Akianza kwa kuwauzia chupa, mmeshajua.

Tulichofanya kwa Maalim

Hatukuwa na mashine ya shingo na kinena. Tulikuwa na mkanda wa presha, kiti, meza na saa, na vilitosha kumtibu. Nilimpima siku tatu tofauti, kila siku mara tatu kwa kupishana dakika moja au mbili, na kuandika wastani wa mbili za mwisho. Mkono wazi bila shati chini ya mkanda, kwani nguo nene hupandisha namba. Kwa kina mama tunakunja mkono wa baibui nyuma ya pazia, na anapima muuguzi wa kike. Mkanda uliokuwa mdogo kwa mkono mnene pia hupandisha. Hakunywa kahawa wala kuvuta sigara nusu saa kabla, alikwenda haja ndogo kwanza, hakuongea wakati wa kupimwa. Siku ya kwanza nilipima mikono yote miwili na kuufuata ule wenye namba kubwa. Kila mara nilimaliza kwa kumsimamisha, dakika ya kwanza na ya tatu. Presha ikianguka 20 kwa namba ya juu, au 10 kwa ya chini, ndani ya dakika tatu, hapo kizunguzungu cha kuinuka kimepata jina. Mishipa iliyokakamaa haiwahi kujirekebisha mtu anaposimama. Nikamtazama pia damu, sukari, mkojo na mpangilio wa mapigo.

Swali lililobaki ni lile la wajukuu zake waliomleta: kama namba ya chini tayari ni 72, tukimpa dawa si itazama kabisa? Ni swali la haki, na limeshajibiwa. Mwaka 1991 utafiti wa Marekani ulioitwa SHEP ulihusisha watu 4,736 wa miaka 60 na kuendelea, ambao namba ya juu tu ndiyo iliyokuwa imepanda, na ya chini iko chini ya 90. Waliopewa dawa, wakianza na ya kukojosha, walipungukiwa kiharusi kwa asilimia 36. Mwaka 1997 utafiti wa Ulaya, Syst-Eur, kwa wazee wa namna hiyo hiyo lakini kwa dawa ya kutanua mishipa, ukapata asilimia 42. Mwaka 2008 utafiti wa HYVET ukaonyesha kwamba hata waliopita miaka 80 wanafaidika. Familia zote mbili za dawa hizo zimo katika maduka ya dawa ya wilaya zetu. Sharti ni kuanza na kiasi kidogo, kupandisha polepole, na kupima mzee akiwa amesimama kila anaporudi.

Wapo wanaosema presha ni maradhi ya Dar es Salaam na ya watu wanene. Katika wazee wa miaka 70 na zaidi wa vijiji vya Hai, Kilimanjaro, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta karibu 7 katika kila 10 wana presha. Kabla ya hapo, mwaka 2000, ulichapishwa uchunguzi wa Ilala na kijiji cha Shari huko huko Hai: kati ya waliokuwa na presha, hata mmoja katika watano hakufika aliyejijua, na waliokuwa wamedhibitiwa hawakutimia mmoja katika mia. Kenya nako, Waluo waliohamia Nairobi kutoka vijijini walipanda presha ndani ya miezi michache tu, na mkojo wao ulionyesha chumvi imezidi. Hayo yalichapishwa mwaka 1990. Chumvi ya mtu mzima kwa siku isifike kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo tayari kwenye samaki wa chumvi na korosho za kukaanga.

Maalim alianza dawa moja, kidogo, asubuhi. Nikamwelekeza kwamba akitoka kitandani akae kwanza ukingoni mpaka ahesabu tasbihi 33, na katika swala asiinuke kwa haraka, ashike ukuta au fimbo, na akizidiwa amuulize sheikh wake kuhusu ruhusa ya kusali kwa kukaa. Baada ya wiki sita alikuwa 152/70 akikaa na 138/68 akisimama. Bado hatujafika, na sina haraka naye.

Ile karatasi ndefu ya rangi hakuitupa. Nyuma yake ni nyeupe, nikamchorea mistari ya tarehe, asubuhi, jioni, kukaa na kusimama. Mjukuu wake mmoja ana mashine ya mkononi aliyoinunua Mtwara. Tuliilinganisha na ya kwetu mara tatu, ikapishana kwa 4. Sasa anamjazia kila siku, na Maalim huja nayo amekunja mara nne katika mfuko ule ule wa kanzu.